Nyumba Iliyompa Kisogo Gavana

Mwaka 1933, katika bonde moja nje ya ukuta wa kale wa Seoul, waandishi wawili walijenga nyumba. Mmoja alikuwa mtawa wa Kibudha wa miaka hamsini na kitu, aliyekwisha kufungwa jela kwa kudai uhuru wa nchi yake. Mwingine alikuwa kijana ambaye hata miaka thelathini hajafika, mwandishi wa hadithi fupi, yatima aliyezunguka kwa ndugu hadi akapata elimu. Wa kwanza ni Han Yong-un, wa pili ni Yi Tae-jun. Korea ilikuwa mikononi mwa Wajapani tangu 1910, na hakuna aliyejua utawala huo ungekoma lini.

Nyumba zote mbili zimesimama mpaka leo, na mtu anaweza kutoka moja akaingia nyingine kwa miguu bila kuchoka. Wageni wengi huzitembelea kama wanavyotembelea makumbusho yoyote: wanapiga picha, wanasoma kibao, wanaondoka. Mimi naona zinafaa kusomwa. Kila mwenye nyumba alijibu swali lilelile, yaani mtu aliyenyang'anywa nchi aishi vipi, na majibu yao hayafanani. Han alijibu kwa upande alioelekeza mlango wake. Yi alijibu kwa aina ya mafundi aliowaita kumjengea.

Bonde la nje ya ukuta

Mtaa wenyewe unaitwa Seongbuk-dong. Ukuta wa Seoul, uliojengwa kuanzia 1396 na wenye urefu wa kilomita 18.6, unapita juu ya milima inayozunguka mji wa zamani, na mtaa huu uko upande wa pili wake, kaskazini. Unafika kwa treni ya chini ya ardhi, njia namba 4, unashuka kituo cha Hansung University, kisha unapanda taratibu na barabara inayofuata bonde.

Siku hizi Seongbuk-dong ina sura mbili. Upande mmoja wa bonde kuna majumba ya matajiri na makazi ya mabalozi, yenye kuta ndefu zisizoruhusu jicho kupenya. Upande wa pili, chini kabisa ya ukuta wa kale, nyumba ndogo zimebanana mlimani, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hulazimika kumpisha mwenzake. Miaka ya 1930 yote haya hayakuwapo. Palikuwa shamba, watu waliishi kwa matunda na vijito vilishuka kutoka milimani. Mtu wa mjini akihamia huko alihesabiwa kuwa amehama mji.

Hadithi fupi ya Yi Tae-jun iitwayo *Dalbam*, iliyotoka mwaka huohuo wa 1933, inaanzia hapo. Msimulizi amehamia Seongbuk-dong na kinachomfanya ahisi kweli yuko shamba ni mtu mmoja anayeitwa Hwang Su-geon, mwenye akili pungufu kidogo na maneno mengi, anayesaidia kusambaza magazeti. Ndoto yake kubwa maishani ni apandishwe cheo awe msambazaji kamili. Badala yake anafukuzwa. Msimulizi anampa fedha kidogo afungue biashara ya matunda, nayo inaanguka, na mkewe anamkimbia. Hakuna Mjapani anayetajwa kama adui katika hadithi hiyo, wala hakuna hotuba. Kuna mtu mdogo anayepoteza kimoja baada ya kingine, na jirani anayemtazama kwa huruma asiweze kumsaidia. Wasomaji wa Kikorea wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Simujang

Nyumba ya Han Yong-un inaitwa Simujang, nayo iko kwenye ule upande wa vichochoro. Unapanda ngazi nyembamba kati ya kuta za majirani mpaka unatilia shaka njia, halafu unakuta lango dogo limefunguliwa. Hakuna kiingilio cha kulipa.

Ni nyumba ndogo. Wakorea hupima nyumba za jadi kwa nafasi kati ya nguzo na nguzo, na hii ina nafasi nne kwa upana na mbili kwenda ndani. Katikati kuna ukumbi wa sakafu ya mbao. Kushoto ni chumba alichotumia kusoma na kuandika, chenye ubao wa jina la nyumba ulioandikwa na Oh Se-chang, bingwa wa hati ya mkono aliyekuwa mwenzake katika harakati za uhuru. Kulia ni jiko. Uani kuna mti wa jamii ya mtarakwa ambao inaelezwa mwenyewe aliupanda.

Mtu aliyezoea nyumba za Kikorea huona kasoro mara tu anapoingia uani. Mkorea anayejenga kwa kufuata desturi huelekeza ukumbi wake kusini, jua la kipupwe liingie ndani. Nchi ile ni ya baridi kali; mwezi wa Januari vipimajoto vya Seoul hushuka chini ya sifuri, na jua la mchana ni mali. Simujang inatazama kaskazini. Inasimuliwa kwamba marafiki waliochangia ujenzi walimshauri aielekeze kusini kama watu wote. Alikataa, kwa kuwa kusini ndiko lilikosimama jengo la Gavana Mkuu wa Japani, kasri la mawe lililokamilishwa mwaka 1926 mbele ya ikulu ya wafalme wa Korea. Hakutaka kuamka kila asubuhi akitazamana nalo. Akampa Gavana kisogo, na gharama yake akailipa kwa baridi miaka yote iliyobaki.

Ili kuijua gharama hiyo, ni vizuri kujua nyumba ya namna hii inavyopashwa joto. Moto hauwashwi chumbani. Huwashwa kwenye tundu lililo chini, mara nyingi upande wa jiko, na moshi wake hupitishwa kwenye njia zilizo chini ya sakafu kabla ya kutokea kwenye bomba la upande wa pili. Juu ya njia hizo hulazwa mawe bapa, juu ya mawe udongo, na juu ya udongo karatasi nzito iliyopakwa mafuta mpaka ikawa na rangi ya asali. Kuni zinazopika wali ndizo zinazopasha sakafu. Mtu hula, huandika na hulala chini, juu ya joto lenyewe, na sehemu iliyo karibu zaidi na moto huachiwa mzee au mgeni. Utaratibu huu unaitwa ondol. Lakini ondol hupasha chumba tu. Ukumbi wa mbao hauna moto chini yake, na madirisha ni fremu za mbao zilizobandikwa karatasi. Katika nyumba inayotazama kusini, jua ndilo linalosaidia sehemu hizo. Katika nyumba ya Han hakuna msaidizi.

Huyu hakuwa mtu wa kuyumba. Alizaliwa Hongseong mwaka 1879, akawa mtawa, na tarehe 1 Machi 1919 alikuwa mmoja wa wale 33 waliotia saini Tangazo la Uhuru wa Korea. Alikaa jela karibu miaka mitatu. Mwaka 1926 alichapisha diwani ya mashairi 88, *Nimui chimmuk*, ambamo mpenzi aliyeondoka anaweza kuwa mwanamke, Buddha au nchi, na msomaji haachiwi nafasi ya kuchagua kimoja akatupa vingine. Mamlaka zilipowashinikiza Wakorea wachukue majina ya Kijapani mwaka 1940, alipinga. Inaelezwa kwamba alikataa hata kuandikishwa kwenye daftari la raia la utawala ule, ingawa kufanya hivyo kuliifungia familia yake milango mingi.

Tukio moja linatosha kuonyesha nyumba hii ilivyotumika. Mwaka 1937 Kim Dong-sam, mmoja wa viongozi wa wapigania uhuru waliokuwa Manchuria, alifia jela mjini Seoul. Kuuchukua mwili wa mfungwa kama huyo kulikuwa kujitia machoni pa polisi. Han aliuchukua, akauleta Simujang, na mazishi yakafanyika hapo. Ukisimama kwenye ua ule mdogo, unaweza kukadiria waombolezaji walivyobanana, na ni rahisi kuelewa kwamba kila aliyehudhuria alionekana.

Han alifia humo ndani tarehe 29 Juni 1944. Uhuru ulikuja tarehe 15 Agosti mwaka uliofuata. Jengo la Gavana lilidumu miaka mingi zaidi baada ya Wajapani kuondoka, likatumiwa na serikali na baadaye likawa makumbusho ya taifa, hadi lilipoanza kubomolewa mwaka 1995, katika maadhimisho ya miaka 50 ya uhuru. Leo Simujang inakipa kisogo kitu ambacho hakipo. Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa.

Suyeon Sanbang

Ukishuka kutoka Simujang na kufuata barabara kubwa, utaona lango la mbao lenye paa lake la vigae, na mara nyingi watu wakisubiri zamu. Hapa, Suyeon Sanbang, ndipo Yi Tae-jun alipoishi kuanzia 1933 hadi 1946. Sasa ni nyumba ya chai, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendeshwa na mjukuu wa dada yake.

Nyumba za wenye uwezo zamani zilitenganisha jengo la wanaume, ambako mwenye nyumba alisoma na kupokea wageni, na jengo la wanawake na watoto lililojificha nyuma. Mtu wa pwani yetu anayejua tofauti ya daka na ndani hatapata shida kuelewa. Yi hakuwa na eneo wala fedha za majengo mawili, wala sidhani alitaka maisha ya namna hiyo. Nyumba yake imekusanya yote chini ya paa moja. Ukumbi uko katikati, vyumba viko pande mbili, jiko limesogezwa nyuma, na mbele ya chumba kikuu kuna kibaraza kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye uzio wa mbao na madirisha kila upande. Kibaraza kama hicho kilikuwa alama ya jengo la wanaume. Yeye amekipachika kwenye nyumba ya familia. Kwa sura ni nyumba ya jadi; kwa mpango ni nyumba ya mtu wa karne ya 20.

Kitu cha kukaguliwa kwa karibu hapa ni mbao. Katika *Museorok*, mkusanyiko wa insha zake uliotoka 1941, Yi ana insha juu ya mafundi seremala waliomjengea nyumba hii. Wengi wao walikuwa wazee wa miaka sitini na zaidi, watu waliojifunza kazi enzi ya wafalme. Anaeleza mazungumzo yao, namna wanavyoshika zana, na jinsi alama za zana hizo zinavyobaki kwenye mbao zikiwa butu kidogo lakini za kuaminika. Wakati huo kampuni za ujenzi zilikuwa zikijenga nyumba za vigae mfululizo mjini, zote zimefanana na zote za harakaharaka. Yi alijua kwamba wazee wale wakiisha, ujuzi wao utaisha nao.

Kwa hiyo usiiangalie nyumba hii kama ya mtu anayependa mambo ya kale kwa ajili ya fahari. Angalia kiungo cha nguzo na boriti, zilizochongwa zikakamatana, au mlango wa karatasi wenye vijiti vilivyopangwa kwa nafasi sawasawa. Halafu kumbuka kwamba mwenye nyumba alikuwa akifanya kazi ileile kwa sentensi. Mwaka 1939 alianza kuhariri jarida la *Munjang*, na humo akachapisha mfululizo wa mafunzo ya uandishi uliotoka kama kitabu mwaka 1940 kwa jina *Munjang ganghwa*. Kitabu hicho kinamfundisha Mkorea kuandika Kikorea safi, kilicho hai, kwa kumwonyesha mifano mmoja baada ya mwingine. Vizazi vya waandishi vimekitumia.

Tazama tarehe. Mwaka 1938 Kikorea kilikuwa kimeondolewa kwenye masomo ya lazima shuleni. Agosti 1940 magazeti mawili makubwa ya Kikorea, *Chosun Ilbo* na *Dong-A Ilbo*, yalifungwa. *Munjang* lenyewe lilikoma Aprili 1941. Yi alikuwa akiandika mwongozo wa ufundi wa lugha huku lugha yenyewe ikifungiwa milango. Aliwatafuta wale maseremala wazee kwa sababu hiyohiyo.

Jarida hilo ndilo lililowaibua washairi vijana kama Park Mok-wol, Cho Ji-hun na Park Du-jin, waliochaguliwa na Jeong Ji-yong, rafiki wa Yi. Jeong na Yi walikuwa pamoja katika kundi la waandishi tisa lililoundwa mwaka 1933, na baadaye akaingia Yi Sang, mshairi aliyewashangaza wote. Mwaka 1934 Yi Tae-jun alimfungulia Yi Sang kurasa za gazeti alilofanyia kazi, achapishe mashairi yake kwa mfululizo. Wasomaji walikasirika, wakaona wanachezewa akili, na mfululizo uliopangwa kuwa wa mashairi 30 ukakatizwa kwenye la 15. Inasimuliwa kwamba mhariri alitembea siku zote hizo na barua ya kujiuzulu mfukoni.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana njia yake ya kuingia kwenye habari hii. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa msomaji na mtetezi wa Kim Chi-ha, mshairi aliyefungwa na serikali ya Korea Kusini miaka ya 1970, na shairi la Kim kuhusu majambazi watano lilichangia kuzaliwa kwa riwaya ambayo Ngũgĩ aliiandika kwa Kikuyu akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, nasi tunayoisoma kwa jina la *Shetani Msalabani*. Mwaka 2016 Korea ilimtunuku Tuzo ya Pak Kyongni, yenye jina la mwandishi wa kike aliyekuwa mama mkwe wa Kim. Wakorea walimwelewa upesi mtu aliyeamua kuandika kwa lugha ya mama akiwa gerezani.

Kuta zikaachwa, maneno yakafungiwa

Hapa njia za majirani hawa wawili zinaachana. Han alikufa na heshima yake kamili. Yi aliishi, na kuishi kulikuwa na mitihani. Katika miaka ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia aliondoka Seoul akarudi Cheorwon alikozaliwa. Baada ya uhuru aliandika *Haebang jeonhu*, hadithi ya mwandishi aliyekimbilia kijijini, anayejiuliza kama kunyamaza na kusogezwa kidogo kidogo na wenye nguvu kulitosha. Ni hadithi ya mtu anayejihoji bila kujipendelea. Mwaka 1946, nchi ikiwa imegawanyika, akaenda Kaskazini. Kule alipokewa vizuri kwanza, halafu katika miaka ya 1950 akaangushwa pamoja na waandishi wengine waliotoka Kusini. Hata tarehe ya kifo chake haijawahi kuthibitishwa.

Kusini nako hakuwa salama. Waandishi waliokwenda Kaskazini walipigwa marufuku, vitabu vyao vikaondolewa, na pale jina la mmoja wao lilipolazimika kutajwa, herufi moja ilibadilishwa kwa duara tupu. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa kwa Yi Tae-jun katika vitabu vya shule. Marufuku hiyo iliondolewa Julai 1988.

Lakini Machi 1977, miaka kumi na moja kabla ya hapo, mji wa Seoul uliiorodhesha nyumba yake ya Seongbuk-dong kuwa mali ya urithi inayolindwa kisheria. Sheria moja ililinda boriti zake na nyingine ikafungia sentensi zake. Walioiorodhesha waliweza kusifu mpangilio wa vyumba na ubora wa useremala bila kulazimika kutetea hadithi hata moja. Kazi ya wale mafundi wazee ilipita pale ambapo kazi ya mwenye nyumba haikuweza kupita.

Nyumba hizi zimetunzwa kwa njia tofauti. Simujang inahudumiwa na serikali, safi na tupu, na vyumba vyake hutazamwa kutoka mlangoni. Mtaa huohuo una nyumba ya Choi Sunu, mwanahistoria wa sanaa na mkurugenzi wa zamani wa Makumbusho ya Taifa, iliyonunuliwa mwaka 2002 kwa michango ya wananchi ili isibomolewe kupisha nyumba za ghorofa. Suyeon Sanbang inategemea wanywaji chai. Utavua viatu, utakaa chini kwenye mto, utaletewa chai nzito ya kunazi au, wakati wa joto, bakuli la barafu iliyokunwa na boga. Wengi wa walio kwenye meza za jirani wamekuja kwa ajili ya boga na picha, na mara ya kwanza jambo hilo humuudhi mpenda vitabu.

Nadhani haifai kuudhika. Nyumba ya mbao na karatasi isiyokaliwa huchakaa haraka kuliko inayokaliwa. Karatasi za milango hupasuka zikabandikwa upya, vigae huteleza vikarudishwa, na anayefanya hivyo lazima apate pa kutoa malipo. Wale vijana wa boga wanalipia paa. Pia wanaitumia nyumba kama alivyokusudia mwenyewe, kama mahali ambapo watu huja kukaa na kuzungumza.

Ningemshauri mgeni aanze na Simujang, kisha ashuke kwa Yi. Kwa Han jibu linaonekana kwa dira tu: kusini ni huku, nyumba inatazama kule. Heshima huja yenyewe, na ni halali yake. Kwa Yi inabidi ufanye kazi zaidi, usome *Dalbam* kabla, ujue kilichotokea 1940 na 1946, kisha utazame kiungo cha mbao kwa dakika chache zaidi ya kawaida ya watalii. Wakorea walipopata uhuru walihitaji waliokataa, ili wajue kwamba hawakukubali wote. Walihitaji pia lugha iliyo kamili ya kuandikia katiba, magazeti na barua zao, na lugha hiyo ilikuwa imehifadhiwa na watu walioishughulikia kila siku katika vyumba kama hivi, bila uhakika kwamba kutakuwa na wasomaji.